Nani Ametoroka Dawa?

Jirani yetu hapa Kimilili ni mtu wa boda. Alipopatikana na TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, stori mtaani ilikuwa moja tu: "Huyo alitoroka dawa." Hata mimi nilisema hivyo. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, na ninayejua inavyouma kuitwa mtu asiyemaliza kitu.

Baadaye nikajua hakuwa amewahi kuugua TB. Hakukuwa na dawa za kutoroka. Alivuta tu vimelea ambavyo tayari vilikuwa sugu, kama wengi wanavyovivuta: ndani ya nyumba ya watu, au kwenye matatu iliyofungwa madirisha kwa sababu ya mvua.

Halafu akaanza matibabu, na kweli kuna siku alikosa kwenda kliniki. Dawa ni bure, lakini nauli si bure, na siku boda ikilala hakuna anayekulipa. Dawa zenyewe ni kali, ukizimeza tumbo tupu unaweza kuzitapika. Baba wa watoto watatu akinunua unga kwa pesa ya nauli, huo ni utoro?

Utaniambia, sawa, lakini hewa ni yetu sote. Ni kweli, na siwezi kulikwepa hilo. Mama aliyeketi karibu naye kwenye matatu ya Kitale hakuulizwa kama anataka kuambukizwa.

Serikali iliwahi kujibu swali hili kwa kufuli. Agosti 2010, huko Kapsabet upande wa Nandi, mahakama iliagiza wagonjwa wa TB walioacha dawa wafungwe jela miezi 8, kwa kutumia Sheria ya Afya ya Umma. Walikaa siku 46 kwenye gereza la Eldoret kabla ya kuachiliwa. Hebu fikiria: ugonjwa unaosambaa kwa hewa, unaupeleka mahali watu wamebanana. Tarehe 24 Machi 2016, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwafunga gerezani kulikiuka Katiba. Hakusema mgonjwa asitengwe kamwe. Alichokataa ni jela.

Mimi naona hivi. Kama hewa ni yetu sote, basi deni pia ni letu sote. Nikimdai jirani amalize dozi kwa ajili ya mapafu yangu, naye ananidai nauli na chakula. Siwezi kukumbuka undugu wetu akikohoa tu, kisha nikausahau akilala njaa.

Zamani matibabu ya TB sugu yalichukua miezi 18 hadi 24, na sindano zilizowaacha wengine viziwi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa wagonjwa wengi, vidonge vya miezi 6 bila sindano. Ni afueni kubwa. Lakini hata miezi 6 ina siku nyingi za kliniki.

Jirani alimaliza. Vijana wa steji yake walipanga zamu ya kumpeleka kliniki bila malipo, yeye na barakoa yake, na kila jioni wakachanga kitu kidogo cha unga. Hakuna aliyemhubiria.

Mimi sikuchanga hata shilingi.