Kisasi cha Mateka

Tamthilia za vita hupenda mwanamke mateka anayegeuka jasusi: anapika, anafua, anamimina chai huku sikio lake likiwa kwa maofisa, hadi siku ya kuwalipiza. Kuna mgongano hapo ambao watunzi huupita mbio. Ujasusi unataka adui asimjue aliyemdhuru. Kisasi kinataka amjue. Kumwangamiza mtu asiyejua analipia nini ni ushindi, pengine hata ni haki, lakini hakujawa kisasi.

Suala hili linaihusu Mwadui, huko Usukuma, kuliko inavyodhaniwa. Usukuma na Unyamwezi zilitoa askari wengi kwa jeshi la Wajerumani, lile lililozima Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Jeshi hilo lilichoma vijiji na maghala ya nafaka, likateka wanawake na watoto ili wanaume wajisalimishe, na baadhi ya mateka wakaishia katika nyumba za askari. Mwanamke anayesonga ugali bomani husikia mengi, kwa sababu aliyemteka hamhesabu kuwa adui. Dharau hiyo ndiyo kificho chake. Ndiyo pia dhuluma anayotaka kuilipiza, hivyo kila anapojificha ndani yake anairefusha.

Nkomanile, kiongozi wa kike wa Wangoni, alifika upande wa pili wa mgongano huo. Alimpokea Kinjala, mjumbe aliyeleta maji, dawa ya vita hivyo. Tarehe 27 Februari 1906 alinyongwa Songea, mwanamke pekee kati ya wanaume zaidi ya 60. Serikali iliyomnyonga ilikiri, bila kukusudia, kwamba huyu alikuwa adui kamili.

Kuna watakaopinga: mateka anajua alichotenda, ya nini kumtafuta mdhalimu awe shahidi? Hoja hii ina heshima kuliko tamthilia zenyewe, nami naikubali nusu. Anayetoa siri, akatoroka, akalala usingizi bila kujali kama adui alimtambua, hakulipiza kisasi. Amejikomboa, na hilo ni jambo jingine, pengine kubwa zaidi. Wengine watasema ninasifu kitanzi. Hapana. Kitanzi kinaonyesha bei tu: Nkomanile alitambuliwa na adui siku ileile adui alipomwua, na mateka aliyeamua kubaki asiyejulikana hakuwa mwoga kwa kuikataa bei hiyo.