Kisasi kwa Ushahidi wa Ramli

Mauaji ya vikongwe wanaodhaniwa kuwa wachawi katika mikoa ya Shinyanga na Geita nchini Tanzania huzua swali gumu la kifalsafa, kwani muuaji hujiona mlipa kisasi, yaani mwenye kudai deni la damu ya nduguye, ilhali kosa limethibitishwa na ramli tu, uaguzi ambao mganga huutumia kumtaja mbaya asiyeonekana. Macho mekundu ya vikongwe hao, ambayo aghalabu huletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi, hugeuzwa ushahidi. Sungusungu, ulinzi wa jadi ulioibuka huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe, nao uliwaandama watuhumiwa wa uchawi, ingawa Sheria ya Uchawi ya nchi ilikuwapo tangu 1928. Basi, kwa kuwa ramli ndiyo inayomwelekeza muuaji, mganga anayetaja jina astahili kuhesabiwa mshiriki wa mauaji.