Mkalimani wa Yusufu

Masomo: Mwanzo 42:21–24, 45:1–15



Katika habari ya Yusufu na ndugu zake yumo mtu ambaye Maandiko hayamtaji jina. Ni mkalimani. Ndugu wamekuja Misri kununua nafaka, wamesimama mbele ya mkubwa wa nchi, nao wanasemezana kwa lugha ya nyumbani juu ya dhambi waliyomtendea mdogo wao. Hawajui kwamba bwana yule ndiye Yusufu, wala kwamba anaelewa kila neno, maana kati yao amewekwa mkalimani. Yusufu anajitenga, analia, kisha anarudi na kusimama mbele yao kama mgeni wasiyemjua.

Nimekaa na aya hiyo wiki nzima. Mhamiaji huyu alikuwa na lugha mbili, na siku ile alizitumia kama ukuta wa kujificha nyuma yake. Simlaumu. Aliyeumizwa huhitaji ukuta kwa muda.

Katika kutafakari nilimkumbuka Lulu Wang, mzaliwa wa Beijing, aliyehamia Uholanzi mwaka 1986 na kufundisha Kichina katika chuo cha Maastricht. Wachina hawakuwa wapya katika nchi ile. Mabaharia wao walianza kufika Rotterdam mwaka 1911, wakakaa mtaa wa Katendrecht. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipowaacha bila kazi melini, wengi walitembeza vitamutamu vya karanga mitaani, ndugu wa kashata zetu. Baadaye ikaja mikahawa, na Mholanzi akazoea kula kwa Mchina. Lakini kula kwa mtu na kuzungumza naye ni mambo mawili.

Tazameni basi kazi ya mwalimu wa lugha. Mwanafunzi wa Kichina huanza na silabi kama “ma”. Ikitamkwa kwa sauti ya juu iliyonyooka ni mama. Ikishuka na kupanda ni farasi. Ikishuka ghafla ni kukaripia. Mtu mzima, pengine msomi, anarudi utotoni kujifunza kumwita mama. Mwenyeji amekuwa mgeni, na mgeni ndiye anayemshika mkono kumwingiza ndani. Jioni mwalimu yuleyule anatoka darasani, naye anahangaika na ile “g” ya Kiholanzi inayokwaruza kooni kama “kh” ya kheri. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa naona ugonjwa unaoponywa ni kiburi, kile cha kudhani kwamba maneno yangu yanatosha kuueleza ulimwengu wote.

Mwaka 1997 mwalimu huyu alitoa riwaya yake ya kwanza, Het lelietheater, inayosimulia maisha ya binti mmoja nchini China wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Aliiandika kwa Kiholanzi. Misemo ya Kichina aliivusha jinsi ilivyo, na wapo wahakiki ambao hawakupendezwa. Mimi nafurahi kwamba hakuifuta. Wasomaji walikipokea kitabu kwa wingi, na yale yaliyowapata watu wa kwao Waholanzi wakayasikia katika lugha yao, kutoka kwake mwenyewe, pasipo mtu wa kutafsiri katikati.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Yusufu hatimaye. Katika sura ya 45 anaamuru watu wote watoke. Wote, maana yake na mkalimani pia. Analia kwa sauti hata nyumba ya Farao inasikia, kisha anawaambia nduguze watazame, ni kinywa chake mwenyewe kinachosema nao. Anawabusu, analia nao. Ndipo, Maandiko yanasema, ndugu zake wakazungumza naye. Miaka mingi ya kimya iliishia pale.

Ndugu yangu, katika mtaa wako yupo mtu aliyetoka mbali. Unamsalimu kwa lugha yako kila siku, naye anakujibu kwa lugha yako kila siku. Wiki hii nenda kwake, umwombe akufundishe salamu ya kwao. Ukikosea, akusahihishe. Irudie mpaka yeye mwenyewe akuambie kwamba sasa umeipata.