Mwiba Usiosikika

Hapa Marigat, Baringo, kila jioni mama huketi kwenye kigoda, nami namulika nyayo zake kwa tochi. Kisukari kimeitia miguu yake ganzi. Mwiba wa mti wa mathenge ukipenya ndala, hausikii.

Mti huu uliletwa hapa miaka ya 1980 kuzuia jangwa na kutupatia kuni. Kuni tunazo, kweli. Lakini umefunga njia za mifugo, na sasa unachungulia uani. Na hata kidonda kidogo cha mwiba kwa mgonjwa wa kisukari huchelewa kupona. Kikipuuzwa, mguu huweza kukatwa.

Una mgonjwa wa kisukari nyumbani? Mtafutie viatu vya soli ngumu. Na leo, kabla hajalala, mkague nyayo.