Kulenga Kando ya Shimo

Upo mchezo wa gofu wa simu uitwao Golf Clash, uliotolewa na kampuni ya Playdemic ya Uingereza mwaka 2017. Ndani yake, anayelenga shimo moja kwa moja wakati upepo unavuma hulikosa. Kwenye kioo kuna mshale unaoonyesha upepo unaelekea wapi, na namba inayoonyesha nguvu yake. Shabaha imechorwa duara ndani ya duara, kila moja na rangi yake. Mchezaji mzoefu husoma namba, huhesabu duara kwa kadiri ya fimbo aliyoshika na umbali wa pigo, kisha huivuta shabaha kuelekea upepo unakotoka. Mpira unarushwa kama unaokwenda vichakani au majini, na upepo uleule unaurudisha shimoni. Pigo linalofuata upepo umeshabadilika, na hesabu inaanza upya.

Nawaona vijana wetu wakicheza hivyo wakisubiri mazoezi ya kwaya, na mawazo yangu huenda kwenye maombi yetu. Mara nyingi tunaomba upepo ukome. Bwana aliukemea upepo katika ziwa la Galilaya ukatulia, nasi tuna ruhusa ya kuomba vivyo hivyo. Lakini katika Matendo 27 Paulo yumo melini akipelekwa Roma, dhoruba inawapiga hadi usiku wa 14, na Mungu haitulizi. Anaahidi uhai wa wote 276 waliomo, nao wanafika Malta wakiwa hai, meli ikiwa imevunjika. Tazameni pia ilivyoanza. Paulo alikuwa amewaonya, wakamsikiliza nahodha; upepo mwanana wa kusini ulipovuma, wakadhani mambo yamewanyookea. Huo mwanana ndio uliowatoa bandarini. Mimi nauogopa kuliko dhoruba.

Kila mmoja wetu ana upande anaosukumiwa. Yuko baba ambaye mshahara ukiingia, miguu yake huelekea baa. Akisema tu kwamba mwezi huu atakunywa kwa kiasi, amelenga shimo moja kwa moja. Aliyejifahamu hulipa ada ya watoto siku ileile, fedha inayobaki humkabidhi mkewe, na hurudi nyumbani kwa njia isiyopita pale. Yuko mama anayeijua hasira yake: ujumbe wa wifi ukimkera, huiacha simu chumbani na kujibu kesho yake. Yuko kijana aliyeacha kamari, naye ameamua asiguse hata karata za kujifurahisha.

Anayewatazama kwa nje huona wamekosea shabaha. Baba ametawaliwa na mkewe, kijana amezidisha ulokole. Tunayasema haya kwa sababu upepo wao hautupigi sisi. Katika uwanja wa gofu wa Augusta, Marekani, shimo la 12 lina takriban mita 142 tu, lakini upepo wake huzungukazunguka kati ya miti kiasi kwamba mabingwa wanaopiga kwa kufuatana hukutana na upepo tofauti. Kuwacheka waliojiwekea mipaka ni dhambi, nami naisema wazi, maana wapo walioirudia pombe kwa sababu walisimangwa kwamba hawawezi hata kukaa na wenzao kwa soda. Tutubu hilo kama usharika.

Kupima upepo nako kuna mwisho. Mhubiri, sura ya 11, anamwonya mkulima anayeuangalia upepo hata asipande. Mchezo wenyewe humpa mchezaji muda mfupi tu, kisha lazima apige. Aliyejua udhaifu wake na kuupangia, sasa amtegemee Mungu na kutenda.

Basi wiki hii kila mmoja aketi na mtu anayeishi naye, mke, mume, mzazi au rafiki, amwombe amwambie husukumwa upande gani. Huyo ndiye anayeona mnapoangukia. Msijitetee siku hiyo; sikilizeni, kisha mwombe pamoja.