Timazi, Bikari na Pazia la Masoni

  

Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Lamu, Malindi na miji yote ya mwambao! Vijana wenu wengi wako huku bara wakitafuta riziki. Hapa Nkoroi, katika Kajiado, nyumba mpya zinainuka kila upande, na katika darasa letu wamo waashi na maseremala. Mmoja wao aliuliza: bikari, timazi na pimamaji, ambazo yeye huzishika kila siku, ndizo alama za Masoni, basi je, zina maana gani, na ni haramu kwake kuzitumia?

Tumjibu kwanza lililo jepesi. Timazi ni uzi na risasi, na bikari ni chuma cha kuchorea duara. Hakuna dhambi katika chuma. Fanya kazi yako, na ukuta wako usimame wima.

Ama maana yake kwa Masoni, wao wenyewe wameieleza katika vitabu vyao. Chama chao kwa sura yake ya leo kilianza London mwaka 1717, pale mabaraza manne, wanayoyaita loji, yalipoungana. Walichukua zana za waashi wakazifanya mafunzo ya tabia. Kipimo cha pembe mraba ni uadilifu katika matendo. Bikari ni kuzuia matamanio yasipite mpaka. Pimamaji ni usawa wa wanadamu, na timazi ni unyofu. Rula ya inchi 24 ni saa 24 za mchana na usiku, zigawanywe baina ya ibada, kazi na kusaidia wenzio. Jiwe lisilochongwa ni mtu kabla ya kufunzwa, na jiwe lililolainishwa ni yeye baada ya adabu. Na nguzo za mwenendo wao ni tatu: udugu, msaada na kweli.

Mwenye insafu atasema: haya ni maneno mazuri. Nasi twasema hivyo hivyo. Lakini hebu tazama, katika hayo ni lipi lisilokuwamo mikononi mwetu? Suratur Rahman imetutaja mizani na kutukataza tusiipunje. Sala tano zimeugawanya wakati wetu kabla ya rula yoyote. Usawa wauona katika safu, hamali na tajiri bega kwa bega, na mlango wa msikiti u wazi. Zaka ni haki ya maskini hata kama si mwenzio wa baraza. Kasoro ni yetu sisi tunaopima kilo pungufu dukani, kisha tukastaajabu kwamba wengine wamefanya mizani kuwa alama.

Tunalolikataa ni pazia. Mtu anaingia kwa kiapo cha kuficha asiyoyajua bado. Huo ni kutia saini karatasi tupu. Tena katika daraja zao kuna kisa cha Hiram, mjenzi wa hekalu la Nabii Suleiman, aliyeuawa kwa kukataa kutoa siri; kisa hicho hakimo katika Qur'ani. Wanataka mwanachama aamini Mungu, wanayemwita Msanifu Mkuu wa Ulimwengu, na kila mmoja huapa kwa kitabu cha dini yake. Kwao huo ni uvumilivu. Kwetu, Mola ana majina aliyojiita mwenyewe, na ibada haingojei daraja. Wamo Waislamu mashuhuri walioingia: Amir Abdulqadir wa Algeria mwaka 1864, na Sayyid Jamaluddin Al-Afghani huko Misri katika miaka ya 1870. Lakini matendo ya wakubwa si dalili ya sharia. Mwaka 1978 Majmaa ya Fiqhi ya Makka ilitoa uamuzi mkali wa kuukataza Umasoni kwa Waislamu.

Na hapa tuwaonye wenzetu jambo ambalo halipendwi kusikiwa. Kukikataa chama si ruhusa ya kuwazulia watu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume juu ya ibada ya shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilitoka hadharani mwaka 1999 na Masoni walitajwa ndani yake. Leo jirani akinunua gari tu, barazani huambiwa ametoa kafara mwanawe! Jumba la Masoni liko Nyerere Road, Nairobi, halikufichwa. Naye Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyefariki mwaka 2017, alikuwa kiongozi wao na hakuuficha uanachama wake. Suratul Hujurat imetuamrisha tuhakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu. Nabii Suleiman mwenyewe alizuliwa uchawi, na Suratul Baqara ikamtakasa.

Hizo karatasi zibandikwazo kwenye nguzo za umeme, zenye namba ya simu na ahadi ya mamilioni, ni mtego wa matapeli. Kijana hutumiwa picha ya bikari, kisha hutakwa ada ya fomu, kisha ya pete, kisha ya kufungua akaunti. Anayenaswa ananaswa kwa tamaa ya mali bila jasho, na tamaa hiyo sisi wazee tumeilea tulipomheshimu kila mwenye fedha bila kuuliza amezipata wapi.

Muulizaji wetu aliongeza kwamba rafiki yake ameshalipa, tena ameapishwa kwa simu kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sasa anatishwa kwamba akitoka atakufa. Aambiwe hivi: umri wake hauko mkononi mwa mwenye simu. Asitume hata senti nyingine, ahifadhi ujumbe wote na ampelekee polisi. Kiapo cha maasia hakitekelezwi. Atubu, akivunje, na atoe kafara ya yamini, nayo ni kulisha maskini kumi au kuwavika. Asipoweza, afunge siku tatu.