Mkono Hodari na Moyo Ulioghafilika

Ndugu zetu Waislamu, imeenea katika miji yetu ada ya kumsifu dereva kwa wepesi wa mkono wake. Husemwa: fulani ndiye dereva, hukata kona bila ya kupunguza mwendo, hupenya baina ya malori njia ya Mariakani, na gari lake ni jipya, breki zashika papo hapo. Kisha litokapo la kutokea, wasifuo ni wao hao wasemao: kadari ya Mungu.

Hatukatai kuwa gari zima na mkono hodari ni neema, na atiaye watu katika gari lenye tairi vipara ana dhambi yake. Lakini breki hungoja mguu, na mguu hungoja jicho. Gari la abiria likienda kilomita 80 kwa saa, nao ndio mpaka liliowekewa Kenya kwa kanuni zilizoanza kutumika 2004, hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia simu yake sekunde tatu tu, gari limekwenda mita 66 halina mwenyewe. Katika mita hizo hodari na mwanafunzi ni sawasawa.

Tena uzuri wa gari waweza kumghuri mtu. Mjini Munich, Ujerumani, katika miaka ya 1980, baadhi ya teksi zilitiwa breki zizuiazo magurudumu yasikwame, na nyingine zikaachwa na breki za kawaida. Ajali hazikupungua kwa kiasi cha kutajika. Waliochunguza waliwaona wenye breki bora wakikata kona kwa ukali zaidi na kuyakaribia mno magari ya mbele. Walichopewa kiwe akiba, wamekitumia chote.

Ama hiyo kadari, sisi twaiamini, wala haimo shakani. Lakini yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake na ategemee, aliamrishwa amfunge kwanza. Na mwenye kuua kwa kukosea, bila ya kukusudia, kifo kile nacho ni kwa kadari. Mbona basi sheria yetu ikawajibisha dia kwa wafiwa, na juu ya muuaji kafara, ambayo kwa zama hizi zisizo na watumwa wa kuachwa huru ni kufunga miezi miwili mfululizo? Ni madereva wangapi wetu wameulizia hukumu hiyo? Aghalabu huishia kwa polisi na bima, wakadhani wamemaliza.

Nasi abiria tusijitoe. Twamwona mtu ameshika usukani kwa mkono mmoja na simu kwa wa pili, twanyamaza kwa kumwonea haya, au kwa kuwa twataka kuwahi. Aambiwe kwa upole, "Baba, iweke simu, tutangoja." Akikataa, ateremke mwenye kuweza kuteremka, hata kama nauli amekwisha kuitoa.